Jina Nililomtupia Baba

Nawasimulia ndoto iliyonijia mchana kweupe, siku niliyogombana na baba yangu hadi majirani wakatoka nje na miiko mikononi. Sisi wa milima ya Taita tuna desturi isiyohitaji kuandikwa popote: mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Mimi nilikataa. Baba, Mzee Maghanga, miaka mitatu nyuma alikuwa amempa ndugu yangu mdogo shamba la bondeni, lenye migomba na chemchemi, akaniachia mteremko wa mawe. Basi mke wangu Mghoi alipojifungua, nikasema mtoto hataitwa Maghanga ng'o, ataitwa Caradoc. Jina hilo nilikuwa nimelisikia kwa fundi mmoja wa Welisi, ile nchi ndogo ya milima iliyo ubavuni mwa Uingereza, niliyelaza naye mabomba ya maji zamani. Ndilo lililokuwa jina lake. Aliwahi kuniambia maana yake, nami sikuishika. Nililichagua kwa ugumu wake tu, ili baba ajikwae kila atakapomwita mjukuu wake. "Hata hilo ni jina la mtu?" aliniuliza asubuhi ile. "Ni la mtoto wangu, na Jumapili anabatizwa nalo," nikamjibu, nikamfungia mlango usoni. Furaha niliyoisikia ilikuwa kali kama pilipili. Mvua ikaanza, nikajilaza juu ya magunia ya maharagwe, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi yenye majani meusi, na vijito vyake vilipanda mlima badala ya kushuka. Mtu mwenye mashavu yaliyovimba akanipokea, akitafuna kitu asichokimeza. "Mimi ni Kinyongo," akasema. "Tumelala kitanda kimoja miaka mitatu, nawe hujawahi kuniuliza jina." Akanishika mkono, na mkono wake nikauzoea mara moja. Tukapita kwa dada zake, Husuda na Fitina, waliokaa kizingitini wakinipigia vigelegele: "Umemweza! Umempiga mzee bila fimbo!" Nami, naona haya kusema, kichwa kikavimba. Mwisho tukafika kwenye boma la mawe, na mlangoni alisimama mama mrefu aliyekunja mikono, Kinyongo akakataa kumtazama. Huyo alikuwa Staha. "Humu majina hukaa yakingoja kuitwa," akaniambia. "Huliokoti jina kama jiwe la kumtupia mtu. Jina ni mgeni, na mgeni hutaka kujua ni nani aliyemwalika na kwa nini." Nikamjibu kwa ufidhuli kwamba mtoto ni wangu. "Mtoto ni wako," akasema, "lakini jina litabaki naye wewe ukishazikwa. Haya, ingia, Caradoc mwenyewe anakungoja. Hana furaha nawe."

Hakuwa na furaha kweli. Alikuwa bonge la mtu, koti lake la sufu likichuruzika maji, masizi ya makaa ya mawe yamemkaa kwenye kope. Hakunipa mkono. "Unajua maana yangu?" akauliza. Nikasema sijui, wala sihitaji kujua. "Mpendwa!" akanifokea. "Maana yangu ni mpendwa, basi. Kwetu nimeitwa tangu enzi za mikuki. Amenibeba mtemi aliyepigana na majeshi ya wageni, wamenibeba wachimba makaa na waimbaji wa makanisani. Siku hizi wanaonichagua ni wachache, lakini hao hunichagua wakimtazama mtoto. Wewe ulipofungua kinywa ulikuwa ukimtazama nani?" Nikabwata kwamba baba ndiye aliyeanza. "Sikukuuliza aliyeanza," akasema. "Niite. Niite mara moja tu kwa mapenzi, nitakufuata hadi kwako."

Nikaita. Sauti ikatoka kama ya mtu anayefukuza nyani shambani. Nikaita tena, na pembeni nikamwona mwanangu, amekwisha kuwa kijana mrefu, akiinua mkono kukinga uso kila nilipomwita. Mara ya tatu nikashindwa. Kinyongo akacheka huko mlangoni hadi alichokuwa akitafuna kikamtoka kinywani, nikaona ni bonge la udongo mweusi wa shamba la bondeni. Nililia, na hakuna aliyenionea huruma. Caradoc akanipa kisogo. "Nitakwenda kwa mtoto yule siku atakapopatikana mtu wa kuniita nilivyo," akasema. "Wewe siye." Wakanisukuma nje, na mlango ukafungwa usoni pangu kwa kishindo.

Kishindo kile kikaniamsha. Mvua ilikuwa imekatika, jua lingali juu, na mtu alikuwa akibisha. Nikafungua. Alikuwa baba, jembe begani, suruali imelowa hadi magotini. Nilidhani amekuja kumalizia ugomvi, nikasimama nikiziba njia. Hata hakunijali. Alichungulia kando yangu, mpaka pale Mghoi alipokuwa amempakata mtoto.

"Ka-ra-do-ki," akasema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Karadoki, mjukuu wangu. Umeshindaje, baba?"

Mghoi akaniangalia, kisha akainamisha kichwa. Baba akajipangusa uso kwa kiganja.

"Nimelirudia tangu nilipotoka hapa, mkwe wangu, nikipalilia na mvua yote ile," akamwambia. "Wenzangu wamenicheka. Ulimi huu ni mzee, lakini mtoto atakaaje bila kuitwa na babu yake?"

Mtoto akageuza kichwa kuifuata ile sauti. Mimi nikaondoka mlangoni, nikampokea baba jembe.

"Karibu ndani, baba," nikasema. "Jina hilo lina maana."

"Maana gani?"

Nikataka kumwambia. Na ya nini kumwambia? Alikuwa amekwisha kuliita lilivyo.