Mtafsiri Aliyenyamaza

Uso wa yule mama ulijaa runinga nzima, nyuma yake ukungu na barabara tupu, na Saulo alikuwa ameshika maikrofoni mdomoni bila kusema kitu. Katika banda la video la Eliezeri, pale Mwanjelwa, hilo lilikuwa kosa kubwa. Mtafsiri halipwi kunyamaza. Mhindi, Mchina, Mzungu, yeyote afunguaye kinywa kwenye picha, Saulo humpa Kiswahili. Na asiyefungua, Saulo humfungulia. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina toka Mwanjelwa hadi Uyole. Watu hawakuuliza leo kuna picha gani, waliuliza kama Saulo yupo.

Lakini kazi ni kazi, na moyo nao una yake. Picha za ngumi zilizomlisha Saulo hazikumgusa hata chembe. Alipenda zile za taratibu, zenye mvua, zenye mtu anayekaa dirishani mpaka chai yake inapoa. Alizaliwa Kilolo, ambako ukungu huingia ndani bila hodi, na kila alipoona picha ya namna hiyo kifua kilimbana kwa raha asiyoweza kuieleza. Alilia, tena alilia sawasawa, wala hakuona haya. Haya aliyokuwa nayo ilitokana na jambo jingine.

Juma lililopita alikuwa ameonyesha picha hii hii. Mama mmoja wa nchi ya mbali amefiwa na mwanawe mgodini, na kila alfajiri anakwenda kusimama kituo cha basi kumsubiri, hasemi neno. Saulo, kwa mazoea, akamtia maneno: "Huyu kijana naye, nauli niliyomtumia kaila na nani?" Watu wakavunjika mbavu. Walipokuwa wanatoka, Leokadia, anayeuza chai mlangoni, akamsimamisha.

"Kaka Saulo, yule mama alikuwa anasema hivyo kweli?"

"Hakusema kitu, dada. Alikuwa amenyamaza."

"Basi ungemwacha." Leokadia aliendelea kusuuza vikombe vyake. "Mimi nilimzika wangu. Siku ile na mimi sikusema kitu."

Maneno hayo hayakumtoka Saulo. Akamwendea Eliezeri, akamwomba airudie ile picha, na safari hii mama aachwe na kimya chake.

"Irudie, wateja waliicheka," Eliezeri alimjibu. "Ila kimya sikitaki. Banda likinyamaza watu wanadhani umeme umekatika. Ukininyamazia, maikrofoni nampa Kalinga, na wewe utafute pa kwenda."

Hakuwa anatania. Kalinga, kijana wa pale bandani, alikuwa amekwisha kujifunza kutafsiri, na Saulo hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani.

Sasa mama alikuwa amesimama kwenye runinga, na bandani miluzi ilianza. "Saulo, umelala?" mmoja aliuliza. Mwingine akadai mama atiwe maneno. Eliezeri akapenya katikati ya mabenchi hadi alipoketi mtafsiri wake.

"Sema kitu."

"Hakuna cha kusema, bosi."

"Saulo, unachezea ugali wako."

"Ni wangu. Niache niuchezee."

Akaizima maikrofoni, akaiweka kwenye kigoda, akaenda kubanana na wateja kwenye benchi. Miaka yote bandani alikuwa akitazama picha kwa mdomo. Sasa alisikia upepo, alisikia viatu vya yule mama vikisaga changarawe, akasikia hata pumzi yake. Kumbe vyote hivyo vilikuwamo siku zote, na yeye ndiye aliyekuwa akivifunika. Alikasirika, na hasira ile ikamtia nguvu ya kubaki pale pale alipoketi.

Baadhi ya wateja waliondoka wakilaani. Eliezeri akainyakua maikrofoni, akasimama mbele ya runinga. "Jamani, mtuwie radhi, mtafsiri wetu leo hayuko sawa..."

"Bosi, kaa pembeni."

Aliyesema ni Mihayo, mpakiaji wa magunia ya mchele, aliyekuja mjini kutoka Usangu, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwenye picha isiyo na ngumi.

"Unasemaje?"

"Unamziba mama."

Eliezeri aliangalia huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Hakumpata. Akasogea, na alipompita Saulo akainama. "Kesho usije."

"Sawa," Saulo alisema bila kugeuza shingo. "Ila leo niache niimalize."

Kwenye runinga basi lilifika, mlango ukafunguliwa, na hakuna aliyeshuka. Dereva akamtazama mama, akangoja kidogo, kisha akafunga mlango taratibu na kuondoka. Mama akabaki pale pale. Bandani hakuna aliyecheka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu alivuta kamasi, na hakuna aliyegeuka kutazama ni nani.