Nyuzi Ishirini na Mbili

Alichokiona kwanza ni kipande cha plasta. Kilibandikwa juu ya kinanda cha umeme pale studio, kikiwa na neno moja la wino mzito. Aliacha shule darasa la nne, hivyo alilisoma silabi kwa silabi: ki-nu-bi. Akashangaa. Kinubi kilikuwa mgongoni mwake.

Alikiteremsha, akakifungua blanketi. Marehemu mjomba wake, seremala, ndiye aliyekitengeneza na kumfundisha kukipiga. Watu walikuwa wakikicheka, mpaka mwimbaji mmoja wa muziki wa soul alipokisikia na kumchukua bendini. Huko walimwita Bubu, kwa uchache wa maneno yake. Jumamosi kulikuwa na onyesho kubwa, na leo aliambiwa aje kupima maikrofoni tu.

"Piga uzi mmoja mmoja, Bubu," fundi mitambo akasema nyuma ya kioo. "Usiguse mwingine mpaka sauti iishe yenyewe."

Akapiga. Kila uzi mara tatu: taratibu, wastani, kwa nguvu. Alishapimiwa maikrofoni mara nyingi. Hupimwa kwa nyuzi mbili, tena fundi huku anatafuna karanga. Leo fundi hakutafuna kitu, na taa nyekundu ya kurekodi haikuzimika hata kidogo.

Mwimbaji alikaa kwenye kochi akitazama simu isiyowaka. Siku zote humwita mdogo wangu na kumuuliza kama ameshakula. Leo alimuuliza tu kama nyuzi zimebaki nyingi.

Walipomaliza uzi wa kumi na nane, mpiga kinanda aliingia amechelewa, hajui hili wala lile. Akakaa, akawasha kinanda, akabonyeza. Kikatoa sauti ya kinubi. Tena kinubi chake hasa, zile sauti alizotoka kurekodiwa, na ule mkwaruzo mdogo wa uzi wa tatu ambao mjomba alikufa bila kuurekebisha.

"Zima hiyo," fundi akasema.

Mwimbaji akaanza kueleza, macho sakafuni. Gari la safari ni dogo, kinubi kinakula nafasi ya watu wawili, nyuzi zikipata joto zinalegea. Kinanda hakilegei.

"Usinichukie, mdogo wangu. Wameamua wenye onyesho."

Akaondoa mkono kwenye nyuzi. Alisema zile nne zilizobaki hatazipiga. Fundi akacheka kidogo, akamwambia asijisumbue, mashine itazitoa kwenye zile nyingine.

Akakifunga kinubi blanketi. Ule wimbo uliompa mwimbaji jina ulianza na kinubi peke yake, kabla ya sauti ya mtu yeyote, na kila ulipopigwa watu walipiga kelele hapo hapo mwanzoni. Kwenye karatasi ya wimbo, mwimbaji aliandikwa mtunzi. Yeye aliandikwa chini kabisa, kwenye wasaidizi. Neno hilo pia alilisoma silabi kwa silabi, akanyamaza mwaka mzima, maana ukimwamsha aliyelala utalala wewe.

Alifika mlangoni. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Akarudi, akainamia maikrofoni, karibu kabisa, kama alivyoona waimbaji wakifanya.

"Mwanzo wa ule wimbo niliutunga mimi," akasema. "Kwenye karakana ya mjomba, nikisubiri gundi ikauke."