Hundi Pana Kuliko Mlango

Watu wa mji wetu mdogo wa Kettle Run wananijua. Nikisema nimevua samaki wa urefu wa mkono, wao hukata mpaka kwenye kiwiko, na mara nyingine mpaka kwenye kidole. Lakini hundi ile msikate hata inchi. Ilikuwa pana kuliko mlango wa ukumbi wa zimamoto, na tuliiingiza kwa ubavu kama kitanda cha bibi harusi.

Aliileta Mheshimiwa Wade Truxall, anayetuwakilisha kwenye bunge la jimbo, mwezi wa kumi wakati majani ya miti milimani yamegeuka mekundu. Ilikuwa ya plastiki nyepesi, ileile ya mabango yake ya kampeni, na sifuri zake zilikuwa kubwa kama sahani za kulia. Juu yake iliandikwa kwamba ni kwa ajili ya ambulensi yetu.

Tuliihitaji kweli. Rhonda Gessner, mkuu wa zimamoto, alikuwa ameshatuambia waziwazi: fedha za jimbo zisipofika kabla ya Novemba kwisha, ataegesha gari, maana hawezi kulipa bima wala wale wahudumu wawili. Kila mtu alipolisikia hilo alimgeukia Caz Dudek. Caz na mimi tulichimba makaa ya mawe pamoja mpaka mgodi ukatuchoka sisi kabla hatujauchoka. Mapafu yalimbakia, moyo ndio ulioharibika. Ambulensi ilikuwa imembeba mara nyingi hata wahudumu walijua mkewe Leona anaficha wapi biskuti.

"Basi huu moyo niuambie uwahi," alisema Caz. "Ukitaka kusimama usimame kabla ya Desemba."

"Nyamaza, mzee wewe," Leona akamkata. "Unaongea kama umekunywa maji ya betri."

Siku ya picha Mheshimiwa alitupanga kwa kimo. Caz alipewa kona ya hundi ashike. Mpiga picha alipoinua kamera, Caz akageuka akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mheshimiwa, una chenji?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mheshimiwa naye alicheka, na picha ikapigwa hapohapo.

Rhonda peke yake hakucheka. "Na hela yenyewe, Mheshimiwa?"

"Inakuja, mama. Bajeti ipite tu."

"Itapita lini?"

"Tunalifanyia kazi," akasema, akala pierogi mbili, zile sambusa zetu za viazi za kuchemsha, akiwa amesimama, akaondoka kwenda kupiga picha mji wa pili.

Wiki zikapita, bajeti haikupita. Asubuhi moja Caz akaniambia, "Ndugu yangu, huenda kosa ni letu. Hundi haiingii benki kwa miguu yake." Tukaipakia kwenye pikapu yangu, tukaifunga kamba, tukaenda benki kupanga foleni kwenye dirisha la kuhudumia watu wakiwa ndani ya magari. Yule mama wa benki aliitazama hundi, akalitazama dirisha lake.

"Caz, hii haipiti hapa."

"Nikikunja?"

"Ukikunja itavunjika. Na ikivunjika hamtakuwa hata na bango. Haya, nenda nyumbani, mpenzi, watu wanasubiri nyuma."

Tulicheka njia nzima. Hundi ikabaki nyuma ya pikapu, nikasahau kuirudisha ukumbini.

Kabla tu ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, taarifa ya Mheshimiwa ikaingia kwenye kila sanduku la posta. Alitutakia bata mzinga mnono. Alisema wazee wanaotaka kurudishiwa sehemu ya kodi ya nyumba wasichelewe. Alisema ofisi zake zitafungwa kuanzia Shukrani mpaka siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu ipite. Chini kabisa tulikuwepo sisi na hundi, Caz kacheka meno yote, na maneno kwamba Kettle Run sasa ina uhakika wa ambulensi.

Rhonda aliisoma akiwa ameegemea ambulensi. Novemba ilikwisha, akaegesha gari, akaitoa betri. Wahudumu wawili walikwenda kutafuta kazi upande wa pili wa mlima, wala huwezi kuwalaumu.

Siku ya kwanza ya kulungu kwetu ni sikukuu kuliko Krismasi. Shule hufungwa, na hata wachungaji huwa msituni. Leona alimkataza Caz asitoke.

"Nitakaa kwenye gogo tu," Caz alimbembeleza. "Kulungu watakuja kunisalimia wenyewe."

Na walikuja. Alitoka dume mwenye pembe kama taa za kanisani, msiniulize zilikuwa na matawi mangapi, akasimama kwenye theluji akatuangalia. Caz aliinua bunduki, kisha akaishusha.

"Mpige wewe," akasema. "Mkono haunyanyuki."

Nikamtazama usoni. Alikuwa na rangi ya majivu.

Nilikimbia mpaka kwenye pikapu kwa kadiri magoti yangu yanavyokimbia. Nikampigia Rhonda, na nilipotafuta kitu cha kumbebea sikuona kingine ila hundi. Niliiburuta mpaka kwenye gogo, nikamlaza Caz juu ya zile sifuri, nikaishika kamba, nikavuta. Iliteleza vizuri, lazima niseme ukweli. Yule dume alituangalia mpaka tukaufikia uwanda nilikoegesha pikapu, na huko wawindaji wawili waliosikia kelele zangu wakanisaidia kumpakia, yeye na hundi yake.

Hospitali iko ng'ambo ya mlima, na theluji ilikuwa haijasafishwa. Rhonda alisema nimlete ukumbini kwanza, kuna hewa ya mtungi, ameshaita ambulensi ya kule ng'ambo ije itukute. Tukamwingiza kwa ubavu, kama tulivyoiingiza hundi mwanzo, safari hii tukimshikilia asidondoke. Tukamlaza sakafuni, upande wa gereji, karibu kabisa na tairi la ambulensi yetu.

Leona alifika na aproni yake. Hakupiga kelele. Alikaa chini akamshika mkono.

"Rhonda," alisema, "gari hili hapa. Si ulitie moto tu twende."

"Halina bima, Leona. Halina mhudumu."

"Nimekuuliza bima?"

Rhonda alifungua boneti. Akairudisha betri, akapanda, akazungusha ufunguo. Gari likasema *tik*. Akazungusha tena. *Tik*. Baridi ilikuwa imeinyonya betri yote. Alizungusha mpaka nikamwambia aache, Caz anasikia.

Caz alikuwa anasikia kweli. Aliisogeza barakoa ya hewa kidogo.

"Maisha yangu yote," akaninong'oneza, "sijawahi kulalia hela nyingi namna hii."

"Usiongee," nikamwambia.

"Ni ngumu. Sijui matajiri wanalalaje."

Tulikaa. Hapakuwa na kingine cha kufanya. Kila lori lililopita barabarani tuliliinulia vichwa wote pamoja. Ving'ora tulivisikia mlimani kabla hatujaona taa, na Leona akasema, "Hao wanakuja, mzee wangu, hao." Lakini mkono aliokuwa ameushika ulikuwa umeshaachia.

Wale wahudumu walipoingia waliomba msamaha, wakatuuliza kama wanaweza kukichukua hicho kibao alicholalia, kinawazuia. Rhonda akasema kichukueni.

Kabla ya Krismasi taarifa nyingine ya Mheshimiwa ilikuja. Heri ya sikukuu, kodi ya nyumba, bajeti bado inafanyiwa kazi. Picha walirudia ileile. Leona aliikata kwa mkasi akaibandika kwenye friji.

"Picha zake zote mzee wangu amenuna," akasema. "Hii ndiyo pekee anacheka. Niombee moja kubwa kwa huyo Mheshimiwa wako, wanazo."

Nikapiga simu palepale jikoni, yeye akisubiri. Sauti ya mashine ikanishukuru kwa kupiga, ikasema ofisi imefungwa kwa ajili ya sikukuu.