Ng'ombe wa Mzee Kuntai

Kakenya alikuwa akichambua maharagwe nje ya mlango wake, Kitengela, ng'ombe wa baba yake walipopita kwenda bwawani. Walikufa wote kwa kiangazi kule Namanga, lakini kiu haikuwaishia. Bwawa lenyewe lilishafukiwa, pakajengwa ghorofa yenye ukuta na geti. Oscar, kaka yake Kakenya, ndiye aliyeuza shamba wakati mzee yuko malishoni, na wala hakuona haya.

Wapangaji wa ghorofa hiyo walishawazoea ng'ombe hao. Walilalamika tu kwamba pembe zinaangusha nguo kambani.

Mwenye shida alikuwa Mzee Kuntai. Tangu arudi na fimbo tupu, alikuwa akififia. Kanisani mchungaji alisalimia watu wote akamruka. Oscar naye alimpita mjini kama hamwoni, ingawa huyo, tuseme ukweli, alianza zamani.

"Takwenya," sauti ya mzee ilimsalimu Kimaasai.

"Iko, Baba," Kakenya akaitikia, akamsogezea kiti. Alimjua kwa harufu ya moshi wa shuka yake.

"Kile kitabu unafundishia watoto shuleni kinaita ng'ombe nini?"

"Spishi. Ng'ombe ni spishi moja, mbuzi ni ingine."

"Ni Kiingereza?"

"Ilitoka kwa Kilatini. Mwanzo ilikuwa mambo ya kuangalia, halafu ikawa sura, vile kitu kinaonekana. Watu wakaweka pamoja vitu za sura moja, ndiyo ikakuwa jina la aina."

"Hata sisi tunawajua kwa sura. Yule mweusi wa tumbo nyeupe, yule wa madoa. Sasa mimi nimebaki bila sura, niko aina gani?"

Kakenya amefundisha baiolojia tangu ujana wake, lakini akainamia maharagwe yake tu.

"Nataka kusimama na wao pale kwa maji," mzee akasema. "Mara moja tu."

Wakaandamana hadi getini. Kaloki, mlinzi, alikuwa akiwaingiza ng'ombe, mmoja mmoja, akiwapapasa mgongoni.

"Kaloki, karibisha na baba."

"Baba gani, mwalimu?"

"Mwenye ng'ombe."

Kaloki alikodoa macho kwa bidii, maana ni mtu mwema. "Ng'ombe nawaona. Mwenyewe simwoni. Pole sana." Akafunga geti.

Mzee angeweza kujipenyeza tu, nani angemzuia? Lakini Kuntai hajapata kuingia boma la mtu bila kukaribishwa, na hakutaka kuanzia pale alipozaliwa. Akabaki nje, akiwasikiliza ng'ombe wake wakilamba saruji.

Gari la Oscar, anayeishi orofa ya juu, likapiga honi. Kaloki akakimbia kufungua, na Kakenya akauvuta mkono wa baba yake pembeni, asije akagongwa.