Mzabibu Mlangoni kwa Mama

Kitinda mimba wa familia ile alikuwa mpambaji wa nyumba, na mkono wake ulisifika. Watu walimwita awaondolee uzee majumbani: kuta za mbao zenye mifereji, sakafu za saruji nyekundu, milango ya nakshi iliyochongwa enzi za babu zao. Mahali pake aliweka dari za jipsamu, vigae vyeupe na kuta laini kama yai. Mama yake alipolazwa wiki tano kwa maradhi ya figo, binti akaona huu ndio wasaa wa kumlipa fadhila, nyumba yake ya zamani aigeuze mpya.

"Msimwambie mama," aliwaomba kaka zake. "Nataka akirudi abaki mdomo wazi."

Seremala wake aliitwa Kobe, maana hakuharakishwa na mtu. Alifika kwenye mlango wa chumba cha mama, akasita. Fremu yake ilichongwa mzabibu uliotambaa kutoka kizingitini hadi juu, vichala vimejaa.

"Na huu tunang'oa? Siku hizi hakuna anayechonga hivi."

"Ng'oa, fundi. Unaleta giza na vumbi tu."

Fremu ikanunuliwa na hoteli. Mbao za ukutani zikaishia kuwa kuni.

Mama alirudi Jumanne asubuhi. Binti akamfungulia mlango, akasubiri vigelegele. Mama aliingia hatua mbili, akanyoosha mkono wa kulia, akapapasa. Mkono ukateleza. Akapapasa kushoto. Mguu ukatafuta kizingiti kisichokuwepo.

"Mwanangu, umenileta kwa nani?"

"Ni nyumbani kwako, mama! Hebu tazama!"

"Nitazame kwa macho gani?"

Ndipo siri ikatoka. Ulikuwa mwaka wa nne sasa haoni ila mwanga na kivuli. Aliwaficha wanawe, wasije wakamhamisha. Mifereji ya mbao ndiyo iliyompeleka jikoni. Ufa wa sakafuni ulimwambia amefika mezani. Na kichala cha tatu cha mzabibu, kile kilichomeguka zabibu moja, kilimwonyesha chumba chake. Binti alizoea kumkuta akitembea bila fimbo, akimimina chai bila kumwaga tone. Alikuwa akija pale anakagua kuta, mwenye nyumba asimtazame.

Alikimbilia hotelini. Fremu ilikuwa imetiwa kioo, imesimamishwa mapokezi.

"Dada, wageni wote wanapigia picha hapo," meneja alimwambia. "Haiuzwi."

Akarudi kwa Kobe kumlilia. Mzee wa watu akachonga mzabibu mwingine, miezi miwili, kwa kumbukumbu tu. Siku walipoufunga, mama aliupapasa polepole, juu hadi chini, kisha akarudia.

"Mkono wa fundi mzuri," alisema. "Ila mzabibu huu haunijui, na mimi siujui."

Binti akaangua kilio. Mama akamtafuta bega, akakosa, akampata kichwani.

"Nyamaza. Ulinitakia mema."

Lakini maji yalikwisha kumwagika. Yule mama aliyekuwa hakai chini sasa alishinda kitini karibu na dirisha, mikono mapajani. Binti alirudi kuishi naye. Akitaka kwenda chooni, mama aliita, nao wakashikana mikono kuvuka vigae vile vyeupe: hatua kumi na nne, mama akizihesabu kwa sauti, na kila siku akikosea.