Gari Lisilotaka Kuondoka Mlangoni Petu

Chi. Kimya. Kisha tena, chi.

Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na giza limejaa chumbani. Funguo za mume wangu Marijani zilikuwa zikigusa ukuta. Zilining'inia juu ya kitanda kwenye msumari alioupigilia mwenyewe, funguo mbili, wa gari na wa tangi la mafuta, zimefungwa pamoja kwa uzi wa wavu. Nilijua ni upepo unaopenya chini ya makuti. Nilijua vizuri kabisa. Hata hivyo nililala macho wazi nikingoja mkono wake uzitungue, nimsikie akikohoa, akitafuta viatu gizani. Binti yetu Kidawa alikuwa ubavuni mwangu. Nilipomtazama, naye alikuwa macho.

Mume wangu alikuwa dereva wa pikapu ya kijiji chetu cha ujamaa, kilicho njiani kati ya Kilindoni na Utende. Siku moja alirudi na homa, akasimamisha gari mbele ya nyumba, akalizima, akaegemea usukani. Nilimtengea maji ya kuoga. Maji yakapoa. Hakushuka.

Matanga yalipokwisha, wanakijiji walilipaka gari lile rangi mpya ya kijani, juu mpaka uvunguni, ili kuondoa nuksi. Wakamkabidhi Shaabani, rafiki yake Marijani tangu chuoni, pamoja na funguo za akiba za kijiji. Na tangu hapo gari likawa halitaki kuondoka mlangoni petu.

Shaabani alipita kila alasiri akitoka Utende, akatuletea mara samaki, mara mafuta ya taa. Alipiga hodi, akamwamkia mama mkwe wangu Bi Biubwa, akaniuliza hali nikiwa ndani ya eda yangu, akarudi garini. Akizungusha ufunguo, selfu, ile mota ya kuamsha injini, haigeuki. Ni mlio mmoja tu chini ya boneti, mkavu: tak. Akirudia: tak. Watu waliopanda nyuma walikuwa wakiruka chini mmoja mmoja, bila kutazamana. Kusukuma hawakutaka, na mchanga wa mbele ya nyumba ni wa kumeza magurudumu.

Hapo Bi Biubwa hukaa barazani akasoma Yasini. Akimaliza na kujipangusa uso, Shaabani huzungusha ufunguo tena, na gari huwaka.

Nani angebisha? Kuna siku Shaabani alikaribishwa chakula, akala taratibu, na gari likawaka hata kabla ya Yasini. Mama mkwe alifuta machozi. "Mwanangu kafurahi," alisema. "Mgeni wake kala akashiba."

Mimi mwenyewe nilitaka iwe hivyo. Nilichungulia kwenye upenyo wa dirisha, nikakitazama kile kiti cha dereva, nikasema moyoni: kaa, mume wangu, kaa kidogo tu.

Kisha akaja Mwanahija.

Ni mdogo wake Marijani, wifi yangu, na alikuja kujifungulia mimba ya kwanza kwa mama yake kama ada. Mkunga alimpapasa, akampapasa tena. Halafu akasema, "Mtoto amekingama. Huyu simzalishi mimi. Uchungu ukianza, hospitali Kilindoni, wala msingoje."

"Kwa gari lipi?" Mwanahija aliuliza.

"Hilo la kijiji, si lipo?" alijibu mkunga.

"Hilo lenye kaka yangu ndani? Lianze kunikatalia hapa mlangoni, au linizimikie huko porini nikiwa na mtoto nusu njia? Sipandi. Nibebeni kwa kitanda."

"Kitandani utazalia njiani, mwanangu," alisema mkunga.

"Basi nizalie njiani, lakini na walio hai."

Siku ile sikula. Nilimtazama akijivuta ukutani, mkono kiunoni, na ule uso wake ni uso wa Marijani mtupu. Nikamkumbuka Mwalimu Muhsin, aliyetufundisha kisomo cha jioni kwa taa ya karabai, sisi akina mama na watoto mapajani. Alikuwa akisema, mkiletewa jambo la kutisha, msikimbilie kuuliza nani. Ulizeni kwanza lini, na wapi.

Sote tulikuwa tumeuliza nani. Alasiri Shaabani alipopiga hodi, nilisimama nyuma ya pazia la mlango.

"Shemeji Shaabani, ukifika Utende gari unalizima?"

"Nilizime? Tangu lianze vituko vyake sithubutu, shemeji. Naliacha linanguruma, hata wakinipigia kelele za mafuta."

"Na njiani, ukipakia nazi?"

"Linanguruma."

"Kilindoni?"

"Kule nalilaza. Asubuhi naligusa tu, linawaka kama halijasikia habari."

"Na hapa kwetu?"

Nilimsikia akisugua mguu sakafuni. "Hapa nalizima, shemeji. Nyumba ina eda, mama anasoma Kurani. Niache gari likikoroma mlangoni kwa Marijani? Uso nitauweka wapi?"

Nilishika pazia. Kumbe ni hapa petu tu, duniani kote, ambapo gari lile lilizimwa na kuwashwa tena likiwa bado la moto. Likipumzika usiku, linawaka. Likipumzika mtu akila wali, linawaka. Na Yasini, ukiisoma kwa utulivu kama asomavyo mama, inatosha chuma kupoa. Dua ilimfikia marehemu, sina shaka. Lakini gari lilikuwa na haja yake nyingine.

Nilimweleza Mwanahija. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanicheka kwa huzuni. "Wifi Mashavu, hayo ni maneno. Mimi likizimwa hapa mlangoni likiwa la moto, na likawaka papo hapo, na kwa funguo zake mwenyewe si hizo za kijiji, nitapanda. Bila hivyo, kitanda."

Uchungu ulianza kesho yake adhuhuri. Vijana wakatafutwa wa kubeba kitanda, nao wote walikuwa baharini. Mwanahija alikuwa ameng'ata ncha ya kanga. Ilipofika alasiri ndipo tukasikia gari likija kutoka Utende. Shaabani akalisimamisha, na mkono wake, kwa mazoea ya heshima, ukalizima. Alipotambua alijipiga kichwa.

Tak.

"Yumo," alisema Bi Biubwa.

Nilijitanda kaniki yangu ya eda nikatoka nje.

"Mashavu! Unakwenda wapi na eda?"

"Dharura, mama. Kuna roho mbili humu ndani."

"Na gari utalifanyaje, mwanamke wewe?"

"Nitalipapasa."

Kwani miaka yote Marijani alipotengeneza gari usiku, nani alimshikia tochi? Mimi, na Kidawa mgongoni. Alizoea kuongea akifanya kazi, hajali kama namsikiliza. Moto wa betri ni kama watu harusini, alisema. Ukiwafungulia mlango mwembamba watabanana, na hapo mlangoni ndipo patakapokuwa na joto.

Nilifungua boneti. "Shemeji, zungusha, na ushikilie."

Tak.

Niliweka mkono kama ninavyomwekea mwanangu akiwa na homa, kwanza huku, kisha kule. Vichwa vya betri, baridi. Waya mwekundu unaokwenda kwenye selfu, baridi. Waya mweusi mnene, mwanzo wake baridi. Nikaufuata kwa vidole mpaka chini, pale ulipofungwa kwa bolti kwenye chuma cha gari. Nikatoa mkono haraka. Pale palikuwa pameniunguza.

"Spana," nilisema.

Bolti ilipotoka tuliona sote. Chini ya ncha ya waya palikuwa kijani kibichi. Walipolipaka gari kuondoa nuksi walifungua waya, wakapaka na pale, kisha wakaufunga juu ya rangi. Moto wa betri ulikuwa ukipenya kwenye nyuzi za bolti tu, na chuma kikipata joto, hata hapo haupiti.

Shaabani alishika kinywa. "Hiyo rangi nilipaka mimi, shemeji. Nilitaka alale salama."

"Najua. Lete kisu."

Nilikwangua kwa kisu cha samaki, nikasugua kwa mchanga mkavu, mpaka chuma kikang'aa cheupe kama jino. Shaabani akakaza bolti. Sasa watu wote walinitazama, na Mwanahija, ameshikwa kwapani na mama yake, alitamka neno moja: "Funguo."

Nilirudi chumbani. Zilikuwa zimetulia pale kwenye msumari. Nilizishika, na kwa muda sikuweza kuzitoa. Gari likinyamaza, Mwanahija hatapanda. Likiwaka, basi kwenye kiti kile hakuna mtu, wala hakupata kuwamo, na mimi nimekuwa nikiliomba dirisha. Nje Mwanahija alilia, sauti ya chini, ya mnyama. Nikazitungua.

Shaabani alizipokea kwa mikono miwili. Chuma chini ya boneti bado kilikuwa cha moto, hewa juu yake ikitetemeka. Akasema bismillahi, akazungusha.

Hakukuwa na tak. Gari liliwaka.

Mwanahija aliangua kilio, sijui cha uchungu au cha kaka yake, akapanda. Bi Biubwa alipanda naye, akamweka mapajani. Kabla hawajaondoka aliniita, akaushika ule mkono wangu ulioungua, akaubusu. Mkunga akawapungia. Mchanga uliruka, gari likapinda kwenye minazi kuelekea Kilindoni, na mlio wake ukaendelea kusikika muda mrefu, kisha ukawa kama wa nyuki, kisha ukaisha.

Niliingia ndani kuikamilisha eda yangu. Kidawa alikuwa amesimama juu ya kitanda, kidole chake kwenye msumari.

"Mama, funguo za baba hazipo."