Pengo la Daktari

Mume wangu alipozikwa, kila aliyeshika kipaza sauti alisema pengo lake halitazibika. Niliamini. Alikuwa daktari wa mtaa huu tangu nikiwa bibi harusi, anajua presha ya kila mzee na uongo wa kila mlevi.

Kisha madaktari wakaanza kuja kuulizia nafasi. Mwenyekiti wa zahanati aliwakaribisha, akawaonyesha chumba cha kutibia, wakaondoka wasirudi. Moyoni nilifurahi. Si tulishaambiwa kwamba halizibiki?

Wifi yangu ndiye aliyenitoa tongotongo. Alirudi kutoka hospitali kuu miguu imevimba, amepanga foleni kutwa na daktari hakumwona. Mdomo wake mkali tangu zamani, lakini siku ile alizungumza taratibu. Akasema kazi ya daktari huja na nyumba, na nyumba yenyewe ni hii ninayoishi. Kila daktari akiuliza atalala wapi, mwenyekiti huinamisha kichwa. Anaona haya kumtoa mjane.

"Pengo linazibika, wifi," alisema. "Wewe ndiye umelikalia."

Nilimfukuza. Akatoka akijishikilia ukutani, na nilivyomwona anavyoburuta ile miguu, hasira zikaniisha, ikabaki aibu. Jioni hiyohiyo nilimwendea mwenyekiti, nikamwambia daktari akipatikana, nyumba ipo.

Aliyekuja alikuwa binti, rika la kitinda mimba wangu, na sanduku moja mkononi. Nilikuwa nimeshafunga vitu vyangu. Nilimkabidhi funguo, nikamwambia mlango wa jikoni unakwama, ausukume kwa goti, na kwamba wagonjwa wa hapa wakizidiwa hawapigi hodi, wanagonga dirisha la chumbani. Aliniuliza kwa adabu nitakaa wapi. Nikamjibu kwa wifi yangu, tugombane mpaka tuzeeke.

Tukiwa bado sebuleni, dirisha likagongwa. Sauti ya mwanamke ikaita, "Daktari, mtoto anatapika."

Nikanyanyuka kama nilivyonyanyuka miaka yote, nikageukia chumbani kumwita mume wangu. Jina lake lilishanifika mdomoni.

"Naja, mama," aliitikia yule binti, akachukua mkoba wake akanipita.

Nikakaa juu ya furushi langu, nikalia. Hapo ndipo nilipomzika mume wangu.